Utangulizi: Kulisoma Sweta Kabla ya Kulifuma

Bila shaka umewahi kuliona sweta la kofia lenye misuko, ile mistari minene inayopanda kifuani ikipishana kama nywele zilizosukwa, ukajiambia kwamba kazi hiyo ina wenyewe. Nikutoe hofu mapema. Vitanzi vyote vya sweta hilo ni vya aina mbili tu, na ukichunguza zaidi utakuta hata hizo mbili ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili. Ndiyo maana nataka uanze kwa macho, sindano zitafuata.

Hapa Kampala hatukosi pa kutazamia. Nenda Owino, yaani soko la St. Balikuddembe, upekue mirundo ya mivumba hadi upate sweta zito lenye misuko. Likiwa limetoboka kiwiko, ndilo zuri zaidi, kwa sababu penye tundu uzi hujieleza wenyewe. Usilichukue sweta la shule la mtoto kwa somo hili. Masweta mengi ya shule hufumwa kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, na msuko humchelewesha fundi wa mashine hiyo, maana hulazimika kuhamisha vitanzi kwa mkono kila vinapopishana. Ndiyo maana kwa kawaida huwa tambarare.

Sasa kaa penye mwanga. Kitanzi ni uzi uliovutwa kupitia kitanzi kilicho chini yake. Hakuna zaidi ya hapo. Kikivutwa kuja kwako, hutokeza umbo la herufi V: hicho nakiita kitanzi cha uso. Kikisukumwa kwenda nyuma, huacha kinundu kilicholala: hicho ni kitanzi cha mgongo. Geuza kitambaa uone: V zimekuwa vinundu, na vinundu vimekuwa V. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, wakiuliza kwa nini wanaambiwa wafume mgongo ilhali wanataka uso. Jibu ni kwamba unapofuma ukienda na kurudi, kila safu ya pili, yaani kila mstari wa vitanzi wa kurudi, unakuwa umetazama nyuma ya kitambaa. Ukifuma mgongo upande huo, mbele panabaki V tupu.

Tafuta sasa mahali msuko unapopishana. Yamkini utahesabu nguzo sita za V, yaani V zilizopandana wima, na utaona tatu zimepita juu ya tatu nyingine. Mfumaji alivitoa vitanzi vitatu vya kwanza kwenye sindano, akaviweka kando kwenye kisindano kifupi chenye ncha mbili, akafuma vitatu vilivyofuata, kisha akavirudia vile vya kando. Akiviweka mbele ya kazi, msuko huelekea kushoto. Akiviweka nyuma, huelekea kulia. Kisindano hicho si lazima ununue: kipande cha spoku ya baiskeli kilichosuguliwa ncha kinatosha kabisa. Tazama pia kandokando ya msuko. Pale kuna vitanzi vya mgongo, navyo huzama ili msuko uinuke. Wanaoanza husahau vitanzi hivyo, kisha wakashangaa kwa nini msuko wao hauonekani.

Ufumaji huu si mgeni barani kwetu. Vipande vya kale kabisa vinavyojulikana vilipatikana Misri, vingi vikiwa vya pamba ya buluu na nyeupe, vya tangu karne ya 11 hadi ya 14 hivi. Bonde la mto uleule unaotokea Jinja. Misuko, kwa upande wake, ilipata sifa kutoka visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland. Utasikia kwamba huko kila ukoo una msuko wake, ili mvuvi aliyezama atambuliwe. Usiamini. Hekaya hiyo huhusishwa na tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, Riders to the Sea, na hata humo aliyezama alitambuliwa kwa soksi.

Tukae kidogo kwenye hesabu, kwani masweta mengi huharibikia hapa. Kipimo ni idadi ya vitanzi katika sentimita 10 za kitambaa. Tuseme kifua chako ni sentimita 96 na unataka nafasi ya 8. Sweta litakuwa 104. Kwa kipimo cha vitanzi 20, utahitaji 208. Lakini mkono wako ukikaza kidogo tu ukatoa 22, vitanzi vilevile 208 vitakupa sentimita 94.5, na sweta litakubana. Msuko nao huvuta kitambaa kwa ndani, kwa hiyo pima kwenye kipande chenye misuko, usipime penye tambarare.

Uzi utakaoupata kwa urahisi madukani ni akriliki. Unafaa, ila usiupige pasi ya moto: misuko italala na haitainuka tena. Pamba ni nzito na hainyumbuki vizuri. Iache kwa sasa.

Kofia huogopwa bila sababu. Unaokota vitanzi kuzunguka shingo, unafuma kwenda juu sentimita 33 hivi kwa mtu mzima, unakunja, unaunganisha utosini. Jambo moja ulipange mapema: ukitaka misuko ya kifuani ipande hadi ukingo wa kofia, vitanzi vyake usivifunge shingoni, vihifadhi kwenye kipande cha uzi. Andika pia ulikoishia. Kama msuko hupishana kila safu ya 8 na shingo imeishia ya 5, kofia inaanza na ya 6. Na shingo ya nyuma uifunge kwa kukaza, maana uzito wa kofia huivuta.

Basi nunua uzi wa rangi nyepesi, mweusi huficha vitanzi. Anza na vitanzi 24: vya mgongo 9, vya uso 6, vya mgongo 9. Upande wa nyuma, fuma kila kitanzi unavyokiona. Pishanisha vile sita kila baada ya safu 8, upande wa mbele, mara nne. Kisha pima upana, uandike pembeni mwa ukurasa huu. Tutauhitaji katika sura ya kwanza.