Sayansi ya Nyumbani: Somo Lipi Litangulie?

Mzazi mwenzangu, fikiri juu ya jambo hili. Mtoto wa darasa la nne anarejea nyumbani na karatasi yake ya jaribio la Sayansi. Amefaulu vizuri. Swali moja liliuliza kwa nini maji ya kunywa yachemshwe, naye ameandika kwa mwandiko safi: "Ili kuua vijidudu vya maradhi." Mwalimu ametia alama ya vema. Jioni ile ile mtoto huyo anatoka mchezoni akitiririka jasho, anainamia ndoo ya maji ya kufulia, anateka kwa kopo na kunywa mpaka kiu inakatika. Ukimgombeza, anakujibu kwa mshangao wa kweli: "Lakini baba, mbona haya ni maji meupe?"

Mtoto huyo alikuwa wangu, na huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 2020. Siku mbili baadaye alikuwa kitandani, tumbo likimwendesha, mama yake akikesha naye na kumnywesha dawa ya chumvichumvi kijiko baada ya kijiko. Mungu alimjalia akapona. Lakini jibu lake halikunitoka moyoni. Alikuwa na maneno yote yaliyotakiwa na mtihani, ila hayakumkinga na lolote.

Nilipotafakari niliona kwamba mtoto hakuwa mkaidi, wala mwalimu hakukosea. Mtoto alikuwa ameambiwa habari za kiumbe asichoweza kukiona, kabla hajapata kuonyeshwa, hata mara moja, kwamba kitu kinaweza kuwapo bila kuonekana. Alipandishwa juu ya dari bila ngazi. Hili ndilo ninalotaka tuzungumze leo, ndugu msomaji: tukiamua kuwasomesha watoto wetu Sayansi nyumbani, somo lipi litangulie na lipi lifuate?

KOSA NILILOLIFANYA

Mwezi Machi mwaka 2020 shule zilifungwa nchini kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa tena hadi tarehe 29 Juni. Wazazi wengi tulijikuta walimu bila kutarajia. Mimi nilianza kwa jambo lililonipendeza mwenyewe: sayari. Nilichora jua katikati ya karatasi, nikazipanga sayari nane, nikaeleza jinsi dunia inavyolizunguka jua. Wiki ya kwanza watoto walifurahi. Wiki ya pili walikariri majina. Wiki ya tatu mdogo aliuliza, "Kama dunia inazunguka, mbona maji ya ndoo hayamwagiki?" Sikuwa na jibu ambalo angeweza kulishika mkononi, nikamwambia atalijua akiwa mkubwa. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na kimya chake kilinitisha kuliko swali.

Hapo nilikaa chini na daftari nikapanga upya. Niliandika juu kabisa lile jambo nililotaka watoto waliamini, yaani vijidudu visivyoonekana, kisha nikashuka ngazi moja moja nikijiuliza: ili alielewe hili, hana budi kulijua lipi kwanza? Nilishuka hivyo mpaka nikafika kwenye kitu kilichopo jikoni mwa kila mtu. Nawe waweza kupanga somo lolote kwa njia hiyo. Anza kupanga kutoka mwisho, lakini fundisha kutoka mwanzo.

NGAZI TANO ZA JIKONI

Ngazi ya kwanza ni chumvi. Mpe mtoto glasi ya maji ya kunywa na vijiko viwili vya chumvi. Aitazame chumvi, aitie, akoroge mpaka itoweke. Muulize: "Imekwenda wapi?" Usimjibu. Mwache aonje. Hapo atakiri kwamba imo, japokuwa haionekani. Kisha mimina maji hayo kidogo katika sahani bapa na kuiweka juani. Baada ya siku chache maji yatakuwa yametoweka na chumvi imebaki. Mweleze kwamba hivyo ndivyo wenye mashamba ya chumvi wa pwani wanavyoyaacha maji ya bahari yakauke katika vidimbwi, na kwamba huko Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu zama za kale.

Ngazi ya pili inazaliwa na ya kwanza, maana mtoto mwenyewe atauliza maji yamekwenda wapi. Lowesha vitambaa viwili vya ukubwa mmoja. Anika kimoja juani na kingine kivulini, naye aandike saa ya kila kimoja kukauka. Siku nyingine mwonyeshe matone chini ya mfuniko wa sufuria. Mwisho jaza glasi chai ya rangi iliyopozwa sana kwa friji au barafu. Punde glasi itatokwa na jasho kwa nje. Mtoto atasema kwamba chai imevuja. Afute matone hayo kwa kitambaa cheupe aone rangi yake. Hayana rangi ya chai. Basi yametoka wapi kama si hewani? Katika miji ya pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, jaribio hili halikosi kufaulu.

Ngazi ya tatu ni hewa yenyewe. Shindilia karatasi kavu chini ya glasi, igeuze kifudifudi, uididimize wima katika beseni la maji, kisha uitoe. Karatasi haikulowa. Rudia ukiiinamisha glasi kidogo, na mapovu yatapanda. Kumbe glasi tuliyoiita tupu ilikuwa imejaa. Hapa nakutahadharisha juu ya jaribio moja linalopendwa sana, la kufunika kwa glasi mshumaa unaowaka ndani ya sahani ya maji. Aghalabu husemwa kwamba maji yanapanda kujaza nafasi ya oksijeni iliyokwisha. Hiyo si sababu kubwa. Hewa iliyopashwa moto na mshumaa hupoa na kusinyaa mara moto unapozimika, na maji husukumwa ndani. Afadhali kuliacha jaribio kuliko kumfundisha mtoto jambo ambalo baadaye itambidi alisahau.

Ngazi ya nne ndiyo daraja la safari nzima, nayo ni hamira. Tafuta chupa tatu ndogo zinazofanana na maputo matatu. Katika chupa ya kwanza tia kijiko cha hamira, kijiko cha sukari na maji ya uvuguvugu. Katika ya pili tia hamira na maji ya uvuguvugu bila sukari. Kwa ajili ya chupa ya tatu, mtu mzima achemshe hamira katika maji kwa dakika chache, ayaache yapoe mpaka yawe na uvuguvugu ule ule, ndipo ayatie chupani pamoja na kijiko cha sukari. Vika puto mdomoni mwa kila chupa, kisha msubiri. Kwa kawaida, katika muda wa saa moja hivi puto la kwanza litaanza kusimama. La pili litalegea au litainuka kidogo tu. La tatu litalala kabisa.

Usifanye haraka hapa, mzazi mwenzangu. Kaa na watoto uwaulize. Chupa ya kwanza na ya tatu zina vitu vile vile: hamira, sukari, maji. Zimetofautiana kwa lipi? Kwa kuchemshwa tu. Kilikuwamo kitu kilichokula sukari na kutoa hewa, na kitu hicho kimekufa kwa moto. Siku hiyo mwanangu aliiinua chupa ya tatu, akaitikisa, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu: "Kumbe vilikuwa hai." Sikuwa nimemwambia.

Ngazi ya tano sasa ni nyepesi. Kama hamira ina viumbe hai wadogo wanaotufaa, wako wengine wanaotudhuru. Weka kipande cha mkate wenye unyevu katika mfuko wa plastiki usiovuja, ufunge vema, mtazame kwa wiki moja jinsi ukungu unavyoota. Mfuko huo usifunguliwe kamwe, utupwe ulivyo. Ndipo useme habari ya maji, kipindupindu na homa ya matumbo. Onyesha maji yanavyotakiwa kutokota kwa nguvu kwa dakika moja walau, kisha yapoe katika chombo safi chenye kifuniko. Mtoto hatakuuliza tena kuhusu weupe wa maji.

NJIA WALIYOIPITA WATAALAMU

Usidhani ngazi hizi ni upole wa kuwabembeleza watoto tu. Wanadamu wazima waliipita njia hii hii, tena kwa taabu. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, aliandika mwaka 1676 juu ya viumbe wadogo mno aliowaona majini kwa lenzi alizozichonga mwenyewe. Hata hivyo karibu karne mbili zilipita kabla wataalamu hawajakubali kwamba viumbe wa aina hiyo huleta maradhi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London vilizunguka pampu moja ya maji, lakini wengi hawakusadiki, maana hakuweza kuwaonyesha kilichomo. Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kwa kuchunguza uchachu wa vinywaji na kazi ya hamira katika miaka ya 1850, na kutoka hapo ndipo akafika kwenye vijidudu vya maradhi. Mwaka 1884 Robert Koch wa Ujerumani akaeleza bayana kijidudu cha kipindupindu. Ikiwa Pasteur alianzia kwenye hamira, sisi ni nani hata tumtake mtoto wa miaka tisa aanzie kwenye vijidudu?

MASOMO YANAYOSUBIRI MAJIRA

Yapo masomo yasiyokubali kupangwa na sisi, kwa kuwa majira yenyewe ndiyo mwalimu. Hayo yaingizeni kando ya ngazi zile.

Viluwiluwi vya mbu vitazameni wakati wa mvua za masika. Teka maji ya dimbwi katika chupa, ifunike kwa kitambaa chepesi kilichofungwa imara, mhesabu siku mpaka mbu watoke. Katika joto letu hutokea kwa wiki moja hadi mbili. Kisha waueni wote, na watoto wenyewe wazunguke nyumba kumwaga maji yaliyotuama katika makopo na matairi.

Kivuli nacho ni somo la mwaka mzima. Simika kijiti wima uani, na mara moja kwa mwezi, saa sita na nusu mchana hivi, mtoto apige alama kwenye ncha ya kivuli. Mkaaji wa Dar es Salaam ataona kwamba mwezi Juni kivuli kinaelekea kusini, na mwezi Desemba kinaelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na kabla ya katikati ya Oktoba, kivuli karibu kinatoweka, kwa sababu jua liko utosini. Baada ya mwaka mmoja wa alama hizo, ndipo mwaweza kuichora ile picha ya jua na sayari niliyoiharakisha mimi. Mtoto atakuwa na swali ambalo picha hiyo inalijibu.

MTOTO AKIUKATA MPANGO

Mpango ni mtumishi, usiwe bwana. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliona kwamba mchanganyiko aliouweka kwenye friji ungali moto uliganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyewatembelea, naye akalijaribu badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo katika jarida la fizikia, na hadi leo wataalamu duniani wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Basi mtoto akikukata maneno kwa swali, liandike nyuma ya daftari. Kama linajaribika leo, lijaribuni leo. Kama halijaribiki bado, mwambie litafikiwa katika ngazi ipi, nawe utimize ahadi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, nyumba haichukui nafasi ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aandikishwe na ahudhurie. Sisi tunazijaza ngazi ambazo mwalimu mwenye darasa lililojaa hana wasaa wa kuzijenga.

Pili, usijitwishe mzigo. Mfanyakazi wa zamu hana saa nyingi. Nusu saa Jumamosi na dakika kumi za kutazama katikati ya wiki zatosha. Ngazi moja ikichukua wiki tatu, na ichukue.

Tatu, kila jaribio mtoto aandike mambo matatu: nilidhani nini, nimeona nini, nimebakiwa na swali gani. Usipande ngazi ya pili kabla hajaeleza ya kwanza kwa maneno yake mwenyewe, bila kitabu.

Nne, moto na maji ya moto ni kazi ya mtu mzima. Hapo usilegeze.

Sisi tulimaliza ngazi tano shule zikiwa zimekwisha funguliwa. Jioni moja nilirudi kazini nikamkuta yule aliyekuwa mgonjwa amesimama mbele ya ndoo, amemshika mkono mdogo wake mwenye kopo. Mdogo analalamika kwamba maji ni meupe. Kaka yake hakumkaripia wala hakumtajia vijidudu. Alimwambia tu, "Kumbuka chupa ya tatu," akamwongoza hadi kwenye mtungi wa maji yaliyochemshwa.