Kuuza Nyumba: Nani Aingie Kukagua?



Mwezi uliopita tulipanda bara hadi Kiganjo, kilomita chache kutoka mjini Nyeri, penye stesheni ya reli iendayo Nanyuki na chuo cha kufunzia askari polisi. Sisi watu wa pwani twaijua baridi kwa kusikia tu. Huko asubuhi ukungu umelala juu ya mabati, na maji ya kutawadhia yakikugusa hutamani kuikumbuka bahari kwa sauti. Tuliitwa na familia moja yenye asili ya kwetu. Wametupa ruhusa tuyaandike yaliyowapata, kwa sharti kwamba majina yao tuyahifadhi.

Baba wa nyumba amefanya kazi huko zaidi ya miaka 30. Alinunua nusu ekari, akajenga kidogo kidogo, akawalea wanawe na kuwaoza. Sasa amestaafu, naye ataka kurejea alikozikwa mamake. Mnunuzi amepatikana: mwalimu wa shule ya jirani, Mkristo, mwenye mke na watoto wawili wadogo. Bei ilikwisha kusemwa na chai ikanywewa. Kilichovuruga mambo ni ombi moja la mwalimu, kwamba kabla hajalipa arubuni amlete fundi wake aizunguke nyumba nje na ndani. Mzee akakataa katakata.

Tulipoketi naye baada ya sala ya adhuhuri alitumiminia yote yaliyokuwa kifuani. Akasema: "Sheikh, nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu. Nikitaka kuiuza, bodi ya ardhi yataka kuniuliza. Kaunti yataka cheti kwamba sidaiwi kodi. Mthamini wa serikali aja kuitazama apate kumtoza mnunuzi ushuru. Sasa na fundi naye aingie vyumbani kwa mke wangu? Na huko msikitini nimewasikia vijana wakisema ingefaa itungwe sheria kila nyumba ikaguliwe na kaunti kabla ya kuuzwa! Imebaki nini iwe yangu?"

Malalamiko haya hayakuwa ya bure, na twapenda wasomaji wetu, hasa akina mama ambao huletewa karatasi za kutia saini bila kuelezwa, wayafahamu mambo haya yalivyo.

Shamba au kiwanja kilichomo katika eneo la kilimo hakiuziki nchini Kenya bila ya idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Hiyo ni sheria ya mwaka 1967. Mapatano yakifanywa na idhini isiombwe ndani ya miezi sita, mauziano huwa batili, na aliyelipa hubaki na haki ya kudai fedha zake tu, hata kama amekwisha kuhamia. Mwenyekiti huwa ni afisa wa utawala wa serikali, na desturi ya bodi hizi ni kumtaka muuzaji aje na mwenzi wake wa ndoa, na mara nyingi na wanawe waliobaleghe, ili ijulikane kwamba familia haiuzwi chini ya miguu yao. Mwanzoni wengi walichukia, wakasema serikali yaingilia mambo ya mume na mke. Lakini sisi twawajua wanawake waliookolewa na swali moja tu la mwenyekiti: "Mama, wewe waridhia?"

Kisha kuna ushuru wa stempu, ambao mnunuzi hulipa asilimia 4 ya thamani katika miji na asilimia 2 mashambani, na ndiyo sababu ya mthamini kuja. Haji kutazama kama ukuta ni mzima. Aja kutazama nyumba yafikia kiasi gani. Na kuna Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ambayo kwayo ofisi za ardhi hudai ridhaa ya mwenzi wa ndoa iliyotiwa saini. Ni kweli kwamba Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 imempa Muislamu nafasi ya kuhukumiwa kwa sharia yake katika mali ya ndoa, lakini karatasi ya ridhaa hudaiwa vivyo hivyo, nasi hatuoni ubaya wake.

Ama ukaguzi wa nyumba yenyewe, sheria hapa kwetu hauulazimishi wakati wa kuuza. Kibali cha kaunti hutakiwa unapojenga, na cheti cha kukaliwa unapomaliza. Baada ya hapo mwenye nyumba na mnunuzi huachiwa nafasi yao.

Je, itungwe sheria ya kumlazimisha? Twasema wazi kwamba hatuiungi mkono, na katika hili tuko pamoja na mzee wetu.

Nyumba katika dini yetu ina heshima isiyo ya soko wala ya duka. Sura ya An-Nur imetufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Imamu Ghazali amepokea kisa cha Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliyekwea ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasia. Yule mtu akamjibu kwamba yeye ameasi katika jambo moja, na Khalifa ameasi katika matatu: amepeleleza, ameingia si kwa mlango, na hakuomba ruhusa wala kutoa salamu. Khalifa akamwacha. Mtawala mkali kuliko wote alisimamishwa na kizingiti cha mlango! Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imemlinda kila mtu asipekuliwe nyumbani mwake.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kuyapitia haya. Huko Marekani iko miji inayomlazimisha muuzaji kukaguliwa nyumba kabla hajaiuza, Minneapolis ukiwa mmoja wao. Mji wa Cincinnati nao uliweka amri ya namna hiyo, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la Ohio ikaamua kwamba mwenye nyumba hawezi kulazimishwa kwa tishio la adhabu amruhusu mkaguzi asiye na hati ya mahakama. Uingereza ilianza mwaka 2007 kuwalazimisha wauzaji watayarishe mkoba wa hati na taarifa za nyumba kwa gharama zao. Mwaka 2010 serikali mpya ikausimamisha, watu wakiwa wamechoshwa na gharama na ucheleweshaji.

Na kwetu je? Kila mhuri mpya hapa huwa na mlango wake wa nyuma. Mwenye uwezo atampata mkaguzi kesho asubuhi. Mjane anayeuza ili amlipie mwanawe hospitali ataambiwa afisa yuko semina, arudi wiki ijayo. Mzigo wa sheria ya namna hii utamwangukia yeye kwanza.

Wanaoitaka sheria hutuambia: tazameni Huruma. Na kweli, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka huko Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Hatulipuuzi jambo hilo. Lakini jengo lile lilikwisha kuwekwa katika orodha ya kubomolewa. Waliokuwa na mamlaka walijua, na watu wakaendelea kupangishwa. Pengo halikuwa katika kukagua, lilikuwa katika kutenda. Majengo ya kupangisha watu mia, yakaguliwe kila mwaka, na hatua ichukuliwe. Hilo latofautiana na kumwandama mstaafu wa Kiganjo auzapo vyumba vinne alivyolala na wanawe.

Wala hatusemi kwamba Uislamu hauna mkaguzi. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alipita sokoni akautia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikatoka na umajimaji. Muuzaji akadai ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone, kisha akamtoa mdanganyifu katika kundi lake. Imepokewa pia katika vitabu vya tarehe kwamba Sayyidna Umar alimpa bibi mmoja, Shifa binti Abdillah, sehemu ya kazi ya kuangalia soko la Madina. Akina mama na walijue hilo. Lakini soko ni pa wazi, na bidhaa huletwa hadharani. Muhtasibu alikagua mizani, hakukagua vyumba vya kulala.

Basi tulimwambia mzee kwamba hoja zake dhidi ya kaunti twazikubali. Lakini mwalimu si kaunti. Mnunuzi kutaka kuona anachokinunua ni haki yake, na wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamekazania kwamba kinachouzwa kijulikane kwa muuzaji na mnunuzi. Mama watoto aweza kwenda kwa jirani kwa saa mbili, fundi akaingia na mzee akiwa naye. Heshima ya nyumba itabaki. Kwa nini akatae?

Mzee akanyamaza, akasema atafikiri.

Jioni, tukiwa barazani na mzee amekwenda dukani, mkewe alikuja na bintiye mkubwa wakaketi. Mama yule alisema kwa sauti ndogo: "Sheikh, chini ya jikoni kuna shimo."

Tukamwomba afafanue. Walipohamia, choo chao kilikuwa cha shimo nyuma ya nyumba, refu, kama futi 30. Baadaye wakapata uwezo wakajenga choo cha ndani na tangi la maji taka. Shimo likafunikwa kwa magogo na udongo. Miaka ikapita, nyumba ikaongezwa jiko, na jiko likakaa juu yake. Sasa sakafu ina ufa, na upande mmoja umeanza kubonyea. Juu yake mzee ametandika zulia jipya la plastiki mwezi uleule walipoanza kutafuta mnunuzi. "Magogo yale yameoza, sheikh. Mimi najua. Na yule mke wa mwalimu ana mtoto atambaaye. Nami naletewa karatasi ya ridhaa nitie saini. Je, ni juu yangu kusema? Nyumba ni ya mume wangu."

Tulijilaumu. Mchana kutwa tumezungumza juu ya Cincinnati na Khalifa Umar, na jambo lenyewe lilikuwa chini ya zulia.

Tazama, ndugu msomaji: mkaguzi wa kaunti angekuja na ramani yake, angepima madirisha, angeuliza kibali cha jiko, na pengine angeondoka na nauli mfukoni. Shimo asingelijua. Huenda hata fundi wa mwalimu asingelijua. Duniani nzima wajuao walikuwa wawili.

Kuhusu swali lake, jibu la wanazuoni wetu ni zito. Kuificha aibu ya kitu unachokiuza ni haramu, na mnunuzi akiigundua ana hiari ya kukirudisha. Kuandika katika mapatano kwamba nyumba yauzwa "kama ilivyo" hakumtoi lawamani anayeijua aibu akaificha. Zaidi ya hayo, wamesema kwamba hata asiye muuzaji, akiijua aibu, yampasa ambainishie mnunuzi. Wametoa dalili kwa Wathila bin Al-Asqa, sahaba wa Mtume. Mtu alinunua ngamia kwa dirhamu 300 na Wathila yupo, lakini alikuwa ameghafilika. Alipozindukana mnunuzi amekwisha kwenda zake. Akamkimbilia akimpigia kelele, akamuuliza: amemnunua wa nyama au wa kupanda? Akaambiwa ni wa kupanda. Ndipo akamweleza kwamba unyayo wa ngamia yule una tundu, hatastahimili safari. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100, huku akimlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akamjibu kwamba wao walimpa Mtume ahadi ya kumnasihi kila Muislamu.

Binti akauliza: "Lakini mwalimu si Muislamu." Swali hili hatukulichukia, maana wengi huliuliza moyoni tu. Tukamjibu kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe awe nani. Watu wa Makka walipompinga Mtume walikuwa bado wakiweka amana zao kwake, na usiku wa Hijra alimwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe. Na jirani huyu Mkristo, alipofiwa mzee na mwanawe miaka iliyopita, ndiye aliyetoa gari la kubebea maiti. Mama akaanza kulia.

Tukamshauri asimwendee mwalimu kwa siri. Amwambie mumewe kwanza, kwa upole, kwamba karatasi ya ridhaa hataitia saini mpaka shimo litajwe. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wake kwa sheria ya nchi, na halikumtoa katika adabu ya mke kwa mumewe.

Usiku ule hatukulala vizuri, na si kwa baridi pekee. Sauti zilisikika chumbani mwao hadi saa sita, mara kali mara ndogo. Alfajiri mzee alitusalisha kwa sauti iliyokwaruza. Baada ya uradi akasema bila kututazama: "Niliogopa atakimbia. Fedha hizi ndizo nyumba yangu ya pwani."

Mwalimu alikuja saa nne pamoja na fundi wake. Mzee mwenyewe alilikunja zulia. Fundi akapiga sakafu kwa kisigino, ikaitika kama ngoma, naye akarudi nyuma hatua moja. Mke wa mwalimu alimpandisha mtoto mgongoni akamfunga kwa leso. Wakatoka nje, wakazungumza wao kwa wao kwa Kikuyu muda mrefu chini ya mti wa parachichi, na sisi tukabaki barazani tukivuta tasbihi.

Hawakukimbia. Wakaomba bei ipunguzwe kwa kiasi cha kulibomoa jiko, kulifukua shimo na kulijaza mawe. Mzee akataka nusu ya kiasi hicho, wakakutana katikati. Fedha alizopoteza si kidogo, na nyumba ya pwani itakuwa na chumba kimoja pungufu. Mama alitia saini siku ya Jumanne, na bodi ya ardhi imewapangia kikao.

Tulipokuwa twaaga, mzee alikuwa amesimama nyuma ya nyumba na fundi, akihesabu hatua kutoka kwenye mlango wa jiko, akimwonyesha kwa ncha ya bakora pale katikati ya shimo palipo.