Konokono wa Tangi la Matumbawe: Yupi Abaki, Yupi Atolewe

Konokono wengi wanaoonekana katika tangi la matumbawe la nyumbani hawakununuliwa na mtu. Huingia wakiwa mayai au wachanga, wamejibanza katika vitundu vya mwamba hai, yaani vipande vya mwamba vilivyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake, au chini ya kibao kilichopandikizwa tumbawe jipya. Baada ya wiki kadhaa, taa zikizimwa, mwenye tangi huwakuta wanatambaa kwenye kioo na asijue walikotoka. Wengi wao ni wa kheri: hula mwani na makombo ambayo yangeoza na kuchafua maji. Wachache hula matumbawe, chaza au konokono wenzao, na hao ndio wa kuwajua mapema kabla hawajazaliana.

Pa kuanzia ni mdomo wa gamba. Konokono wanaokwangua mwani kwa kawaida huwa na mdomo wa mviringo usio na pengo. Wala nyama wengi wana mfereji mdogo kwenye ncha ya mbele ya mdomo; humo hupita mrija laini ambao konokono huuinua kuvuta maji na kunusa mawindo au mzoga ulipo. Kanuni hii inasaidia, lakini aiaminiye peke yake huponzwa nayo. Konokono wa jamii ya Strombus na ya Cerithium wana pengo hilo, na bado chakula chao ni mwani na uchafu wa mchangani. Isitoshe, baadhi ya maadui wabaya kabisa wa tangi hawana mfereji wowote. Mahali na saa anapokutwa konokono hueleza mengi kuliko umbo lake. Anayezunguka kioo na mawe huku na huko anatafuta mwani. Anayekutwa usiku baada ya usiku juu ya mnyama yuleyule, huyo anamla.

Kati ya walio salama, anayejulikana zaidi ni Trochus, mwenye gamba la umbo la pia. Hufanya kazi ya kusafisha kioo na mawe, na akianguka chali hujigeuza mwenyewe. Astraea anafanana naye kwa mbali na hula mwani vilevile, ila akianguka chali mara nyingi hawezi kujiinua. Asipogeuzwa na mtu hufa, kisha mzoga wake huchafua maji. Nassarius huwatia watu wasiwasi kwa sababu ya mfereji wake na tabia ya kujizika mchangani, akiacha mrija tu ukichungulia nje. Kidondoshwe kipande cha kamba ndani ya maji, na baada ya muda mfupi wataibuka kila upande wakielekea kwenye harufu. Chakula chao hasa ni mizoga na makombo, na kutibua kwao mchanga kuna faida.

Stomatella anastahili kutajwa peke yake, maana huuawa sana bila kosa. Gamba lake ni bapa na dogo kuliko mwili, hivyo mtu humdhania koa. Hukimbia mwanga kwa kasi isiyotarajiwa kwa konokono, na akibanwa huachia kipande cha nyuma cha mguu wake na kutoroka. Huzaliana tangini bila kusaidiwa, kwa kumwaga mayai na mbegu majini. Chakula chake ni mwani. Mwenye tangi akiwaona kumi na wawili badala ya watatu aliowaona mwanzo, ana sababu ya kufurahi.

Kazi ngumu ni kuwatofautisha konokono wadogo sana. Collonista huwa na gamba la mviringo, mara nyingi lisilozidi milimita 5, na kifuniko kigumu cha kufungia mdomo. Hujaa kwenye mawe na kioo usiku, na hana madhara. Mwenye madhara ni wa ukoo wa Pyramidellidae: mweupe, mwembamba, mwenye ncha kali, mwenye ukubwa wa punje ya mchele tu. Huyu hana meno ya kukwangua kama konokono wengine. Ana mkonga mrefu wenye sindano, anaouchoma katika mwili wa mwenyeji wake na kufyonza majimaji. Baadhi hushambulia chaza wakubwa wa Tridacna, wengine hushambulia Trochus na jamaa zake. Mchana hujificha chini ya chaza au mchangani; usiku hupanda na kujipanga kwenye ukingo wa nyama yake, au kwenye mdomo wa gamba la konokono. Mmoja hamdhuru chaza mzima, lakini tangini hakuna wa kuwapunguza kama baharini, na chaza mchanga aliyezingirwa nao hudhoofika hadi kufa.

Dawa yake ni mikono na subira. Chaza hutolewa, kisha gamba lote, pamoja na upande wa chini penye nyuzi za kujishikiza, husuguliwa kwa mswaki laini bila kugusa nyama. Mayai yao yamo ndani ya uteute ulioganda kwenye gamba, na ni rahisi kuyapita, kwa hiyo usafi huo hurudiwa kwa wiki kadhaa. Samaki wadogo wa jamii ya Halichoeres husaidia kuwala wanaobaki. Dawa za samaki zenye shaba zisitumike: huua konokono wote, kamba na matumbawe pamoja nao.

Walaji wa matumbawe hutambulika kwa tumbawe wanalolipenda. Heliacus, mwenye gamba la duara lenye mistari ya madoa meupe na ya kahawia au meusi, hula zoantidi, wanyama walio jamaa wa matumbawe. Vikundi vya zoantidi vinavyobaki vimejifunga bila sababu vikaguliwe mashinani. Epitonium billeeanum huishi juu ya matumbawe ya Tubastraea, na rangi yake ya manjano humfanya asionekane. Drupella hupenda matumbawe ya matawi, hasa Acropora. Mchana hujikusanya kwenye shina, gamba lake lenye vinundu likiwa limefunikwa na mwani wa waridi; usiku hula nyama na kuacha mfupa mweupe mtupu. Hata baharini huweza kuleta maafa: mwaka 1994 mtafiti Tim McClanahan alichapisha taarifa kuhusu kuongezeka kwa Drupella cornus katika maji ya ndani ya miamba ya Kenya. Kauri nao si wa kuaminiwa wote. Kete ndogo, Monetaria annulus, hula mwani, lakini Ovula ovum, mwenye gamba jeupe na ngozi nyeusi inayolifunika, hula matumbawe laini.

Kuna pia konokono wanaojigandisha mwambani ndani ya mirija ya chokaa na kutandaza nyavu za uteute kunasa chakula. Wachache si tatizo. Wakiwa wengi nyavu zao huyakera matumbawe, na dawa ni kuvunja mirija au kuiziba kwa gundi isiyo na sumu.

Konokono wa jamii ya Conus wana mdomo mrefu mwembamba unaokwenda karibu urefu wote wa gamba, na humchoma windo kwa jino lenye sumu. Conus geographus, anayepatikana hata katika Bahari ya Hindi magharibi, ameshaua watu, na hakuna dawa ya kuzima sumu yake. Gamba la aina hiyo likionekana tangini lisishikwe kwa mkono, hata wenye glavu. Litolewe kwa kibano kirefu na kuwekwa kwenye chombo kigumu.

Asiyetambulika huwekwa peke yake katika tangi dogo la pembeni, pamoja na jiwe lenye mwani. Akikwangua jiwe siku chache mfululizo, anarudi. Akilipuuza na kubaki amejikunja, apewe kipande cha kamba, na jibu litaonekana. Anayethibitika kuwa mharibifu asimwagwe baharini, hata kwa mkazi wa pwani, kwa sababu huenda yeye au vimelea vyake vimetoka bahari nyingine. Agandishwe kwenye friza, kisha atupwe pamoja na taka za jikoni.