Maji yanavyoumbua dhahabu iliyochanganywa

MCHIMBAJI mdogo wa Chunya mkoani Mbeya, au wa Nyakavangala wilayani Iringa, anapoweka kipande cha dhahabu juu ya mizani, namba anayoiona haitoshi kumpa bei ya haki. Mizani humweleza uzito. Haimwelezi ni kiasi gani cha uzito huo ni dhahabu na kiasi gani ni fedha au shaba, ilhali malipo hutegemea usafi.

Kipo kipimo cha kale kinachoweza kumsaidia, nacho huhitaji maji, uzi na mizani ya gramu yenye desimali. Msingi wake ni densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayoichukua. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Ya shaba takriban gramu 9. Ya fedha 10.5, ya risasi 11.3, na ya dhahabu safi 19.3. Kwa hiyo dhahabu iliyochanganywa na metali hizo huchukua nafasi kubwa kuliko dhahabu safi ya uzito uleule.

Kipande hupimwa kwanza kikiwa kikavu. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani hurudishwa sifuri, na kipande hutumbukizwa kikining'inia kwenye uzi mwembamba, kisiguse chini wala kando za kikombe. Gramu zinazosomeka sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Uzito wa kwanza ukigawanywa kwa huo wa pili, jibu ndilo densiti.

Kipande cha gramu 50, kama ni dhahabu safi, kitasoma 2.59 ndani ya maji. Kikisoma 3.2, densiti yake ni 15.6. Hapo uangalifu unahitajika. Ikiwa kilichochanganyika ni fedha, ambayo huambatana na dhahabu hata ardhini, usafi ni takriban asilimia 72. Ikiwa ni shaba, asilimia 79. Tofauti hiyo ni karibu gramu 4 za dhahabu, na maji peke yake hayawezi kuamua.

Dhahabu iliyotoka kuchomwa zebaki hupotosha zaidi. Huwa na matundu kama sifongo, hewa hunaswa ndani, na densiti husomeka chini kuliko ilivyo, hata mwenye mali akaonekana tapeli bila kosa. Yafaa iyeyushwe kwanza.

Upo pia udanganyifu ambao maji hayaugundui kabisa. Tangsteni ina densiti ya 19.25, ikifunikwa kwa dhahabu, hupita. Mashine za eksirei, zinazotumika katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, likiwamo la Chunya, hutambua aina ya metali, lakini husoma tabaka la juu tu. Kipande cha kutiliwa shaka hakina budi kukatwa au kutiwa motoni: dhahabu huyeyuka kwa nyuzi joto 1,064 za Selsiasi, tangsteni kwa 3,422, hivyo katika tanuri la sonara dhahabu hutiririka na kiini cha tangsteni hubaki kizima.