Moto Tunaoulipia Bure



Maelezo yetu ya leo yahusu gunia la makaa na mita ya umeme. Pengine wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jikoni, yasiyostahili kuzungumzwa baada ya habari. Lakini mshahara wa askari ni mmoja. Fedha iliyogeuka moshi haiwezi tena kununua daftari la mtoto, na askari aliyepelekwa kazini mbali hana raha apatapo habari kwamba gunia aliloliacha nyumbani limekwisha kabla ya mwezi kwisha.

Hapa Bujumbura nyumba nyingi hupika kwa makaa, hata zile zenye umeme, kwa hiyo tuanze na makaa. Yanatoka milimani, na katika matanuri ya udongo yanayotumiwa na wachomaji wengi, kilo moja ya makaa hula kilo saba, nane, hata kumi za kuni. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti huishia hewani kabla gunia halijafika mjini. Kinachobaki twakilipia ghali, kisha nacho twakipoteza.

Chukua chungu cha maharagwe, ambacho hapana nyumba ya Murundi isiyokijua. Maji yakishachemka hayaongezi tena joto, hata ukijaza makaa hadi juu. Maharagwe yanaiva kwa kukaa ndani ya maji ya moto. Mvuke unaoruka hauyaharakishi hata kidogo. Na kugeuza lita moja ya maji yachemkayo kuwa mvuke hula joto zaidi ya mara sita ya lile lililotumika kuyachemsha tangu yalipokuwa baridi! Kwa hiyo mfuniko unaorukaruka juu ya chungu ni fedha inayotoka. Maharagwe na yalowekwe tangu jioni, mfuniko usiondolewe ovyo, na maji yakianza kutokota mlango wa hewa wa jiko ufungwe nusu. Makaa yaliyosalia baada ya chakula kuiva yafunikwe ndani ya debe lenye kifuniko, yazimike, yapate kutumika kesho. Kuyaacha yajifie yenyewe ni desturi tuliyoizoea mno.

Jiko nalo lina neno lake. Imbabura ya bati tupu humpasha joto mpishi miguuni kuliko inavyokipasha chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kenya, lilitengenezwa jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, nalo likaenea katika nchi za jirani. Likiwa limetengenezwa vizuri, laweza kuokoa theluthi ya makaa au zaidi. Mnunuzi asidanganywe na rangi: atazame unene wa udongo, augonge kwa kidole asikie kama una ufa.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba kambi zetu si ngeni katika jambo hili. Shirika la ONATOUR lilipoanzishwa mwaka 1977 ili kuchimba turba, yaani ule udongo wa vinamasi unaokatwa, ukaanikwa na kuchomwa badala ya kuni, majiko ya jeshi yalikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa.

Hapa nitoe onyo moja. Mtu asifunge milango na madirisha akalala na jiko linalowaka kwa kuogopa baridi au kupoteza joto. Hewa ya sumu itokayo katika makaa haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Kwa miaka mingi nchi hii imeutegemea mno mtambo wa Rwegura, wa megawati 18, uliokamilika mwaka 1986, na mvua zikipungua bwawa nalo hupungua. Mwenye mita ya kulipia kabla ya REGIDESO, ile iitwayo kashi pawa, aona mwenyewe uniti zinavyokwenda. Taa tatu za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 27 kwa mwezi. Taa tatu za LED za wati 9 kwa muda ule ule hula uniti 4 tu. Pasi ya wati 1000, wakati inapopata moto, hula zaidi ya taa 16 za wati 60. Askari hawezi kwenda gwarideni na sare yenye makunyanzi, hilo linaeleweka. Lakini kuipasha pasi upya kila asubuhi kwa shati moja ni hasara, hali sare za wiki nzima zaweza kupigwa pasi Jumapili kwa mkupuo mmoja. Na yule ambaye umeme wake hulipwa na ofisi asijione amesamehewa, maana siku atakapohamia nyumba ya kupanga mazoea yake atahama nayo.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, zimeni taa zote na kuchomoa kila kilichochomekwa, kisha andikeni nambari iliyo kwenye mita. Asubuhi, kabla ya kuwasha kitu, isomeni tena. Ikiwa imebadilika, kuna waya mbovu au mtu aliyejiunga kwa siri: mwiteni fundi wa REGIDESO, wala msiuguse waya huo wenyewe.