Ukurasa wa tovuti uwe na viungo vingapi?

Tangu tuzungumzie tovuti za vikundi vya wakulima kwenye kipindi cha asubuhi, swali moja limekuwa likirudi katika ujumbe mnaotutumia: fundi anayetutengenezea tovuti anasema kila ukurasa usizidishe viungo 100, je, ni kweli? Wengine wameambiwa vitatu tu. Wengine wameambiwa wajaze kadiri wawezavyo ili Google iwaone.

Tuanze na neno lenyewe. Kiungo, au linki kama wengi tunavyosema, ni yale maneno ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Ukurasa huo ukiwa wa tovuti ileile, hicho ni kiungo cha ndani. Ukiwa wa tovuti nyingine, tuseme ya wizara au ya gazeti, hicho ni cha nje. Leo tunazungumzia vya ndani. Vya pilau tunawaachia wenzetu wa kipindi cha mapishi.

Hiyo 100 ina asili yake. Kwa miaka mingi Google yenyewe iliwashauri wenye tovuti wasizidishe viungo 100 kwenye ukurasa mmoja. Wakati huo mitambo yake ilikuwa ikisoma takriban kilobaiti 100 za mwanzo za ukurasa, na kilichozidi hapo kingeweza kuachwa. Uwezo wa mitambo ulipoongezeka ushauri huo uliondolewa, na mwongozo uliofuata ukasema viungo viwe vya kiasi, visizidi elfu chache. Kwa hiyo fundi hakuwadanganya, ila anatumia kanuni iliyopitwa na wakati.

Lakini msikimbilie kujaza. Larry Page na Sergey Brin, walipoeleza mwaka 1998 hesabu iliyoianzisha Google, walisema ukurasa hugawa uzito wake kwa kurasa unazoziunganisha. Ni kama debe la mahindi: ukiwagawia watu 5, kila mmoja anaondoka na kitu cha kusaga, ukiwagawia 100, kila mmoja anapata kiganja. Google imebadilisha mengi tangu hapo, lakini ukurasa unaoelekeza kila mahali bado haumwambii mtu kipi ni muhimu.

Na huyo mtu ndiye tunayemjali kuliko Google. Chukueni ukurasa wa kuhifadhi mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo hili si jambo la mapambo. Msomaji ana simu yenye kioo kidogo, bando lake linaelekea ukingoni, na mahindi yako uani. Anahitaji kujua kama yamekauka vya kutosha, yaani unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukurasa huo unahitaji kiungo cha namna ya kupima unyevu kwa chumvi na chupa kavu, cha dalili na hatari za sumukuvu, na cha matumizi ya mifuko isiyopitisha hewa. Vitatu. Ukiongeza matokeo ya ligi, salamu za wasikilizaji na habari 20 za wiki iliyopita, kile cha sumukuvu kinapotea humo, na kila anapobonyeza pasipo bando linakatwa.

Kwa makala ya urefu kama huu, sisi tunaona viungo 3 hadi 5 ndani ya maandishi vinatosha. Hiyo ni kauli yetu, si sheria ya mtu yeyote. Ukurasa wa orodha, kwa mfano bei za mazao kwa kila soko, unaweza kuwa na 40 bila tatizo, maana mtu amekuja hapo kutafuta jina moja tu. Mkumbuke pia kuhesabu menyu ya juu na ile ya chini: 12 juu na 10 chini ni 22 kabla hamjaandika neno.

Kuna nafasi vilevile. Mwongozo wa Android unapendekeza eneo la kubonyeza liwe na upana na urefu wa kama milimita 9, kwa kuwa kidole gumba si sindano. Viungo vikibanana, mtu analenga kimoja anafungua kingine.

Upande wa pili upo: kiungo sifuri. Ukurasa ambao hakuna ukurasa mwingine unaoelekeza kwake ni yatima. Upo, mmeulipia, lakini mgeni hana njia ya kuufikia, na Google nayo inaweza isiuone. Kabla ya kubishana kuhusu 5 au 50, hakikisheni kila ukurasa wenu una angalau mlango mmoja.

Maneno ya kiungo nayo yaseme kinachofuata. “Bonyeza hapa” haisemi kitu. “Pima unyevu wa mahindi kwa chumvi” inasema. Kama kinachofuata ni sauti au video, andikeni pembeni ni MB ngapi, ili mwenye bando dogo aamue mwenyewe. Kisha mpeni simu mtu ambaye hajawahi kuona tovuti yenu, mwambieni atafute bei ya miche, na mkae kimya mkihesabu anabonyeza mara ngapi.