Jibu Sahihi Kutoka Fomula Yenye Kosa

Miongoni mwa hesabu za awali za kemia ni ile inayouliza ni gramu ngapi za maji zitapatikana iwapo gramu 4 za haidrojeni zitaungua zote katika oksijeni. Njia yake inafahamika: mlinganyo husawazishwa, gramu hugeuzwa kuwa moli, yaani kipimo cha wingi wa chembe, uwiano wa moli husomwa katika mlinganyo, kisha moli hurejeshwa kuwa gramu. Moli moja ya haidrojeni (H2) ina gramu 2, hivyo gramu 4 ni moli 2, nazo huzaa moli 2 za maji. Na kwa kuwa moli moja ya maji ni gramu 18, jibu ni gramu 36.

Linalosumbua ni kwamba fomula yenye kosa huzaa jibu hilohilo. Wanakemia wengi wa nusu ya kwanza ya karne ya 19 waliandika maji kuwa HO, wakihesabu haidrojeni kuwa 1 na oksijeni kuwa 8, jumla 9. Gramu 4 za haidrojeni zikawapa gramu 36 barabara. Mizani haikuweza kuwaumbua, kwa sababu kosa katika uzito wa oksijeni lilifidiwa na kosa katika idadi ya atomi. Vurugu ilifika mahali ambapo mwanakemia August Kekulé, katika kitabu chake cha 1861, aliorodhesha fomula 19 za asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake.

Aliyeifumbua tata hii kwa subira ya kupendeza ni mwalimu, Stanislao Cannizzaro wa Genoa, Italia, ambaye mwaka 1858 alichapisha barua inayoeleza, somo baada ya somo, jinsi anavyowaongoza wanafunzi wake. Kwake yeye, mizani ni shahidi mmoja tu, na ujazo wa gesi lazima nao uhojiwe. Anaanzia kwa mwanasayansi Avogadro, aliyedai mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika jotoridi na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo, anaeleza, kulinganisha uzito wa gesi zenye ujazo mmoja ni kulinganisha molekuli zenyewe. Kisha anapanga majedwali: molekuli ya maji ina uzito wa 18, na 16 kati yake ni oksijeni, ya kaboni monoksidi ni 28, na oksijeni ni 16, ya kaboni dioksidi ni 44, na oksijeni ni 32. Nane haijitokezi popote. Kiasi kidogo kabisa, ambacho vingine vyote ni vigawe vyake, ndicho anachokiita atomi.

Nakala za barua hiyo ziligawiwa Karlsruhe, Ujerumani, Septemba 1860, mkutano wa wanakemia ulipokuwa ukimalizika bila mwafaka, na mwanakemia Lothar Meyer alikiri baadaye kwamba kuisoma kulimwondolea mashaka.

Cannizzaro hakuona hasara kuanza kozi yake kwa historia ya mabishano hayo, ilhali mwanafunzi wa leo hupewa 16 ikiwa tayari katika jedwali la elementi na kuhimizwa akokotoe haraka. Je, msahihishaji anayeiona 36 mwishoni mwa ukurasa ana njia gani ya kujua kama mwenye karatasi anaweza kueleza kwa nini si 8? Na gramu zilizowapitisha wanakemia mahiri bila kuwaumbua, zinampima mwanafunzi katika jambo gani hasa?